Mlezi wa Gegedu

Mtaalamu wa maabara pale Kilifi husugua mikono mpaka viwikoni, kisha hupuliza glavu kabla ya kuzivaa. Kahonzi ameyaona hayo tangu walipomkata kipande cha gegedu, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa, gotini, wakamwahidi kuwa kitakuzwa kisahanini na kurudishwa, apate kupiga magoti tena asuke makuti. Kila akija kutoka Jilore na mkongojo wake, yule bwana huzisalimu kwanza seli za kipande hicho: "Hamjambo, wanangu?" Yeye huambiwa angoje.

Leo amemwita kwenye darubini. "Mwanzo zilikuwa duara, mama. Nilitaka ziwe nyingi, nikawa nazihamisha sahani hadi sahani. Zimeongezeka kweli, ila zimekuwa bapa na ndefu. Hazitengenezi gegedu tena."

"Basi nirudishie hivyo hivyo."

"Zitakuwa kovu tu, mama."

"Na goti langu?"

Mtaalamu alikuwa akifuta darubini pale jicho la Kahonzi lilipogusa. Kisha akazirudisha sahani katika kabati lenye joto, akafunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, zisishtuke. Kahonzi akajiinua mwenyewe, akishikilia ukuta.