Tulivyoshuka Morogoro Kumtafutia Felista Kompyuta

Ulikuwa mwaka tuliokula magimbi mpaka ndimi zikawasha. Mahindi yalioza shambani kwa mvua, kabichi zikapasuka kabla ya kupata gari, na mchele wa Dakawa tuliusikia tu kwa wenye harusi. Asubuhi magimbi na chai, mchana magimbi na maharage. Jioni unamwita mtoto aje kula, anakuuliza, "Magimbi?" na wewe unapakua. Basi mkitaka kujua ni lini nilishuka Morogoro na mjukuu wangu Felista, ni mwaka huo, mvua zilipokatika.

Mmeniuliza sana tulifuata nini huko, kila mtu kwa wakati wake, mwingine hata nikiwa nafua. Sasa naandika mara moja nipumzike. Mimi Klotilda niliishia darasa la nne na mwandiko wangu mnaujua, kama kuku kapita kwenye majivu. Ubaya wake, ndio uliokuwa mwandiko wa Felista pia.

Felista ni mtoto wa binti yangu, na kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo ni wangu mara mbili. Alikuwa amemaliza kidato cha nne alipoanguka na bodaboda kwenye kona moja ya kushukia Langali. Shingo iliumia. Tangu siku hiyo mikono na miguu haimtii. Kichwa kizima, ulimi mzima, na akili anatushinda ukoo wote, nasema bila haya. Akitaka kuandika alikuwa anasema, naandika mimi.

Siku moja ananitajia maneno ya barua ya kumwandikia rafiki yake wa shule. Tukafika mahali anapomtaja kijana fulani. Nikaweka kalamu chini. "Hili siandiki." Nikaandika kwamba tunaendelea vizuri na mvua ni nyingi.

Hakulia. Alisema tu, "Bibi, miaka minne sijaandika neno ambalo wewe hujaliona kwanza. Hata la kukusengenya."

Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikaenda zahanati kumuuliza muuguzi kama mtu asiye na mikono anaweza kuandika peke yake. Akanielekeza kituo kimoja mjini ambako watu kama Felista wanajaribishwa kompyuta. Kila mtu anapewa vifaa vya namna moja akae navyo, lakini namna moja tu. Ukichagua vibaya, umechagua.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, wanaume wanne walimbeba Felista kwa machela mpaka barabarani Nyandira, kiti chake cha magurudumu kikifuata nyuma kama mbuzi. Tulipanda Kanta, lori dogo la kabichi la Shabani, Mnyamwezi, mtani wangu. Felista katikati, mimi nimemshika kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine.

"Bibi," Shabani akasema, "leo umepanda mbele. Kabichi zitaona wivu."

"Endesha. Wanyamwezi mlizoea kubeba mizigo kichwani, gari mmeligundua juzi."

Felista akacheka mpaka nikamshika kidevu. Lakini sheria ya safari niliiweka mapema. Mtoto huyu ngozi haimwambii inapoumia, akikaa mkao mmoja muda mrefu anatoka vidonda. Kwa hiyo njiani tulisimama mara nne, Shabani akimnyanyua huku na mimi huku. Mara ya tatu akauliza kama hatuwezi kuunganisha na ya nne. Nikamwambia akakalie jiwe la jiko kwa saa mbili ndipo tuongee.

Tulipofika Mzumbe joto lilitupokea. Wa mlimani tunalalamika tu na kutoa jasho. Felista hatoi jasho kuanzia mabegani kwenda chini, anachemka kama chungu kilichofunikwa. Nililowesha khanga kwenye dumu la maji nikamfunika shingo na kifua, na tulipopita Msamvu ilikuwa imekwisha kukauka mara mbili.

Mwembesongo tulifikia kwa mdogo wangu Agripina. Huyu alisoma kuliko mimi, na masikio yake yalisoma kuliko yeye. Tulikuwa hatujamaliza kumlaza Felista ameshauliza kuhusu yule kijana wa kwenye barua. Nani alimwambia, sijui. Alitupikia wali. Nilikula polepole, mtu asidhani tuna shida.

Jumanne, saa tatu, tulikuwa kituoni. Alitupokea Bi Zaituni, mwanamke mfupi, mwepesi, ushungi wake umechomekwa pini tatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mgonjwa wangu huyu hapa. Anaitwa Felista, ana miaka ishirini na tatu, hapendi samaki."

"Felista, unataka kompyuta ya kufanyia nini?"

"Anataka kuandika barua," nikasema.

"Na mchana huwa unakaa wapi?"

"Barazani," nikajibu mimi. "Ndani kwetu kuna giza."

Bi Zaituni akaniangalia kidogo, akaandika. Mimi nikaona tunaelewana vizuri sana.

Kwanza alimpa kijiti cha kung'ata menoni, cha kubonyezea herufi. Kilifanya kazi, sikatai, na hakihitaji umeme wake. Lakini ilikuwa kama kuku anadonoa mtama, na baada ya mistari mitatu taya likachoka. Pili, kompyuta ya kusikia. Unasema, yenyewe inaandika. Felista alisema sentensi ndefu na yote ikatokea kwenye kioo. Nilipiga kigelegele na kigelegele nacho kikaandikwa, sijui kama neno gani.

"Inataka mtandao," Bi Zaituni akasema. "Kwenu upo?"

"Upo juu ya mti wa mpea," Felista akajibu. "Halafu dada, hii nikiandika nyumba nzima inasikia."

Tatu ikaja ya macho. Hapo nikasimama. Kuna kijicho cheusi chini ya kioo kinachofuata macho yako. Unaangalia herufi, inaandikwa. Hakuna kugusa, hakuna kusema. Nikajiona nimeketi barazani, wanaotoka misa ya pili wanapita wanaona mjukuu wa Klotilda anaandika kwa kutazama. "Ni hii hii," nikasema. "Funga."

Ikagoma. Kwanza inabidi ujaribiwe kwa kufuata doa linalotembea kwenye kioo. Felista alilifuata vizuri, halafu katikati mashine ikampoteza. Wakaanza tena. Nikamwambia, "Kaza macho, mwanangu." Ikampoteza. Nikamwambia tuliza kichwa. Ikampoteza. Nikamwambia Bi Zaituni mashine yake imekufa. Ikampoteza tena. Mara ya sita Felista alikuwa amechoka. Nilijua tukirudi mikono mitupu, kalamu ni mimi tena, na nilikuwa nimeshaona sifai.

Bi Zaituni akavuta stuli akakaa. "Bibi, naomba nikuulize bila kukuvunjia heshima. Ulimlea wewe?"

"Tangu anatambaa."

"Ulimfundisha mkubwa akiongea afanye nini?"

"Ainamishe macho. Kwani ninyi mnafundishaje?"

Akamgeukia Felista. Macho yake yalikuwa chini. Ndipo nikaelewa, nikahisi masikio yanapata moto. Kila nilipofungua mdomo, mtoto alifanya nilichomfundisha. Mashine ilikuwa nzima. Nilimlea vizuri mpaka nikaiharibia kazi.

"Basi nitoke," nikasema.

"Tafadhali, bibi. Kuna kivuli nje."

Nilikaa kwenye benchi na mwanamume aliyekuwa anamsubiri mkewe. Aliniambia wao ilikuwa mara yao ya tatu kuja kuomba wabadilishiwe, kwa sababu mara ya kwanza yeye ndiye aliyechagua. Sikumuuliza zaidi. Ndani nilisikia Felista anaongea, anaongea, anaongea. Nyumbani haongei hivyo. Nilitamani kusogea dirishani, nikakalia mikono yangu.

Saa saba waliniita. Felista alikuwa na kijikaratasi kinachong'aa katikati ya paji la uso.

"Nini hicho? Jumatano ya Majivu?"

Bi Zaituni akanieleza. Kompyuta ni ya kawaida. Juu ya kioo kuna kamera, inafuata kile kijikaratasi. Felista akigeuza kichwa kidogo, kishale kinatembea kwenye herufi zilizochorwa kwenye kioo. Kando ya shavu kuna kitufe kwenye mkono wa chuma unaopindika. Akikigusa kwa shavu, herufi inaingia.

"Na ya macho? Mliipatanisha?"

"Ulipotoka ilikubali mara moja," akasema Bi Zaituni. "Tukampeleka kwenye ukumbi wenye jua kama baraza, ikasumbua. Na macho yalimuuma."

"Lakini ile ndiyo nzuri! Hii ana kibandiko usoni kama embe la dukani. Nani amechagua hii?"

"Mimi, bibi," Felista akasema. Na akanitazama. Machoni, moja kwa moja, mbele ya mgeni.

Mdomo ulifunguka kumkemea. Niliufunga mwenyewe. Sijui kama mnajua ilivyo ngumu.

Jumatano tulirudi kwa sababu Bi Zaituni alitaka kumwona akiwa amechoka pia. Alimjaribisha asubuhi, akamjaribisha baada ya chakula shingo ikiwa imelegea, akasogeza kitufe, akapunguza mwendo wa kishale. Kisha akanifundisha mimi. Kuwasha, kubandika katikati ya paji, kitufe umbali wa kidole kutoka shavuni, kuchaji kwa sola, kila mara kumnyanyua kama kawaida. Nikarudia yote mara mbili bila kukosea.

"Na cha mwisho?" akaniuliza.

"Cha mwisho kipi?"

"Ukimaliza kuwasha, unaondoka."

Wenye wagonjwa nyumbani, hili ndilo nililojifunza na nawapa bure. Msichague kinachowapendeza wapita njia. Mwulizeni mwenye shingo yake, tena mwulizeni mkiwa mmefunga midomo. Ajaribu akiwa mzima na akiwa amechoka, ajaribu mahali kama pale anapokaa. Na anayetakiwa kutoka chumbani pengine ni wewe uliyemleta.

Ijumaa tukapanda mlima na Shabani, safari hii gari tupu, maana mizigo huwa inashuka tu. Agripina alikuja nasi, eti kunisaidia. Kompyuta niliipakata mwenyewe kama mtoto mchanga, na kila shimo la barabara lilinipata mimi kwanza. Usiku tulilala kama magogo.

Jumamosi, saa nne, nilimweka Felista barazani. Nikawasha. Nikabandika. Nikapima kidole kimoja kutoka shavuni. Nikaondoka, nikaenda jikoni kumenya magimbi na Agripina.

Tulimsikia. Tik. Kimya. Tik. Tik. Muda mrefu kimya, halafu tik nyingi zikifuatana. Halafu akacheka peke yake, kicheko kile cha zamani cha shuleni, cha puani. Kisu kilinisimama mkononi.

Agripina akaweka gimbi chini, akajifuta mikono. "Dada, dirisha la jikoni linatazama kioo kile. Herufi zake kubwa. Sogea hatua mbili tu, mimi nitakusomea."

"Sisogei. Yale ni maneno yake, si yetu."

"Hee! Umemlea, umemsafirisha mpaka mjini, hujui hata anamwandikia nani? Na kama ni yule kijana?"

Nikamenya gimbi.

"Na kama anakusema wewe, dada? Maana anacheka."

"Sisogei. Yale ni maneno yake, si yetu."