Mtani Asiyejibiwa

Kaka yangu mkubwa alimpiga kofi bibi kizee ndani ya kaburi la baba yetu. Nimejaribu kulitafutia jambo hili mwanzo wa upole zaidi, nimeshindwa. Nilikuwa nimesimama pembeni mwa kaburi, nimemshika mama mkono, na mpaka leo nausikia mlio wa lile kofi.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Sukari na sabuni zilikuwa zimerudi madukani Songea, wanunuzi binafsi walifuata mahindi kwa malori hadi shambani, na chama cha ushirika nilichokuwa karani wake kilikuwa hoi. Walinipunguza kazini, nikaanza kuuza mitumba Msamala. Kaka alikuwa Dar es Salaam akiagiza vipuri vya magari. Alikuja msibani na pikapu ya Kijapani na viatu ambavyo udongo mwekundu wa nyumbani kwetu Mshangano uliviharibu kabla hajafika mlangoni.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwetu alipiga marufuku Kingoni. Kiswahili ndicho kingetufikisha mbali, alisema, na mtoto aliyeteleza ulimi mezani alikula ugali mkavu siku hiyo. Mama alikuwa na Kiswahili cha kusalia kanisani na kununulia chumvi, basi. Alinyamaza miaka yote ile, au aliongea peke yake jikoni. Mimi niliponea chupuchupu kwa sababu nilikaa kwa bibi yangu upande wa Hanga nilipokuwa mdogo, kwa hiyo Kingoni nilikielewa. Nasema nilikielewa tu. Katika kujibu nilikuwa kama mtu anayejua kula lakini hajui kupika. Kaka na wadogo zangu hata kula hawakujua.

Sasa, ukoo wetu una watani wake, ukoo mwingine wa Wangoni hao hao. Kwetu kukiwa na msiba wao ndio wanaochimba kaburi, na wao ndio wanaochekesha. Mmoja wao humwiga marehemu, huutangaza uchoyo wake, hata hushuka kaburini akalala na kukataa kutoka mpaka wafiwa wamjibu kwa maneno makali kuliko yake. Watu hucheka huku wanalia, halafu maiti anashushwa. Kwao kukiwa na msiba, zamu inakuwa yetu.

Siku ya kumzika baba alikuja bibi mmoja wa watani, mkavu, mwenye meno ya kuhesabika. Alivaa koti la baba, akatembea amefunga mikono nyuma vilevile alivyotembea baba darasani, akawa anawauliza waombolezaji hesabu za kuzidisha na kuwafinya masikio waliokosa. Mama alicheka. Tangu baba afariki nilikuwa sijaona jino lake. Kisha bibi yule akateremka kaburini, akajinyoosha, akasema kwa Kingoni kwamba mwalimu huyu aliwaziba midomo watoto wake mwenyewe, kwa hiyo yeye hatoki mpaka mtoto mmoja wa mwalimu amfukuze kwa lugha ya nyumbani. Kama hakuna, basi mwalimu arudi akalale na mkewe, kaburi limeshapata mtu.

Nilielewa kila neno, na nikaona jinsi lilivyomlenga baba. Nilikuwa bado nageuza maneno kichwani, natafuta jibu lenye makali, kaka alipoteremka. Yeye alichokiona ni mlevi aliyevaa koti la baba yake, anapiga kelele ndani ya kaburi la baba yake. Alimkamata kola, akamwinua, akampiga.

Katekista aliacha kusoma. Bibi alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya udongo uliochimbwa. Vijana wa ukoo wao waliokuwa wameshika majembe waliyaweka chini mmoja baada ya mwingine, wakamsaidia kupanda juu, wakaondoka. Baba tulimshusha na kumfukia wenyewe, na kaka alifukia kuliko wote, hasira zikiwa bado zinamchemka, asijue amefanya nini. Nilipomweleza jioni alikaa kwenye ngazi ya nyuma na hakula.

Mama hakumgombeza. Alisema neno moja tu, na ndilo lililotutesa miaka iliyofuata. "Mimi sasa nitazikwa na nani?"

Asiye wa kwetu anaweza kudhani ni swali la mzee mwenye huzuni. Hapana. Mama alikuwa na presha, miguu ilikuwa inavimba, na alikuwa anauliza swali la kweli kama mtu anayeuliza nani atampikia. Kuzikwa bila watani, kwake, kulikuwa sawa na kutupwa.

Kaka alirudi Dar, halafu akaja tena na mbuzi. Mimi na mama tukaenda naye kwa yule bibi mtani. Kaka alipiga magoti sakafuni na kutoa shikamoo, akaomba radhi kwa Kiswahili kizuri mno. Bibi aliitikia marahaba, akamwangalia mbuzi, kisha akazungumza Kingoni kwa muda mrefu huku kaka akinitazama mimi. Nilitafsiri. Alisema hataki mbuzi, na kofi ameshalisamehe kwa kuwa mtu hawezi kumkasirikia bubu. Shida yake ni nyingine.

"Utani ni wa watu wawili," alisema, na hapo alitumia Kiswahili ili kaka asikie mwenyewe. "Nikikutania ukanijibu, tumetaniana. Usiponijibu, nimekutukana. Mimi sitaki kufa nikiwa mtukanaji."

Watani wangerudi, basi, siku nyumba yetu itakapokuwa na mdomo. Nikasema mimi ninaelewa. Akaniambia mdomo wangu una kutu, na kwamba hata ukisafishwa nitakufa nao. Alitaka wajukuu.

Ndivyo lilivyoanza lile darasa, kama tunaweza kuliita darasa. Kila Jumamosi mchana mama alikaa uwani Mshangano na binti zangu wawili. Wakaongezeka watoto wa majirani, kisha wanawake wa jumuiya ya kanisani wakaleta wao, maana kumbe kila nyumba ilikuwa na bibi anayeongea peke yake jikoni. Mimi nilileta maturubai ya marobota ya mitumba kwa ajili ya kukalia, na togwa ya kunywa. Nilikaa nyuma, najifunza kama wengine, mtu mzima na nguo zake.

Halafu akaja balozi wa nyumba kumi kuuliza hiki ni chama gani. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa karibuni, na kila kikao kilimtia wasiwasi. Nikamwambia kama hiki ni chama, mwenyekiti wake hajui kusoma na wanachama wake bado wananyonya vidole. Hakucheka. Wiki iliyofuata niliitwa ofisi ya kata, nikasimamishwa mbele ya meza ya bwana mmoja aliyenihubiria kuhusu ukabila. Nchi hii imejengwa na Kiswahili, aliniambia, mnataka kuturudisha wapi? Kiswahili nakipenda, ndicho ninachoandikia hapa, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba sisi Wangoni tumeshazika lugha moja. Mababu waliotoka kusini walikuja na yao, wakawashinda wenyeji, wakaishia kusema lugha ya wenyeji, na yao ikafa yakabaki majina ya koo na maneno mawili matatu. Hiki tunachokiita Kingoni ni cha pili, na cha tatu sikijui tutakitoa wapi.

Alinifukuza. Nilipokuwa nafunga kamba za viatu nje, alitoka kumsindikiza mama yake mzazi aliyekuwa anamsubiri barazani. Alimwinamia akamsemesha Kimatengo, lugha ya kwao, sauti chini, huku anaangalia kulia na kushoto kama mwizi wa kuku. Niliduwaa pale na kamba mkononi. Sijawahi kumchukia mtu na kumhurumia kwa wakati mmoja namna ile. Hakutuita tena.

Darasa lenyewe, lakini, lilikuwa bovu. Mama alifundisha kama alivyoona shule zinavyofundisha: ananyanyua chungu, anakitaja, watoto wanaitikia kwa pamoja, wanasinzia. Wakienda nyumbani wanasahau.

Jumamosi moja bibi mtani akatokea. Hakubisha hodi. Alikaa mlangoni, akasikiliza, akamwambia mama kwamba anawafundisha watoto kuhesabu vyombo. Kisha akamnyooshea kidole binti yangu mdogo na kumwambia, kwa Kingoni, kwamba masikio yake ni makubwa hata mtu anaweza kuyapepetea mahindi. Wenzake waliolielewa neno la masikio na la mahindi wakaunganisha wenyewe, wakacheka. Mtoto alilia. Nilisimama nimwambie bibi yule anikome, mama akanivuta sketi nikakaa.

Juma zima binti yangu alimfuata bibi yake jikoni anamnong'oneza. Jumamosi bibi mtani alirudi, akafungua mdomo kuhusu masikio, na kabla hajamaliza mtoto akasimama. Akamwuliza kwa Kingoni meno yake yamekwenda wapi, au yametangulia kwenda kumchimbia kaburi.

Mtoto wa umri ule, kwa mzee wa umri ule, na neno kaburi. Nilimtazama mama, mama alikuwa ameshika mdomo. Bibi mtani alimkazia mtoto macho, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango asianguke. Alipopata pumzi alimwambia mama kwamba nyumba hii sasa ina mdomo.

Tangu hapo alikuja kila Jumamosi bila kukosa, mvua, jua. Watoto walijaa hadi nje ya ua. Walitukanana kwa adabu zote za utani, wakasahihishana, wakayabeba maneno hadi njiani. Vijana wa ukoo wao walianza kutusalimia tena. Mama naye alitulia. Alianza kuzungumzia mazishi yake kwa raha, nani atamwiga kikohozi, nani atamsema kwa kuficha karanga.

Lakini aliyetangulia ni bibi mtani. Alilala akiwa mzima, hakuamka.

Zamu ilikuwa yetu. Kaka alifika kutoka Dar asubuhi ya maziko, akavua shati, akachukua jembe, akachimba na vijana wetu mpaka viganja vikachubuka. Mama alikataa mtu mwingine yeyote kushuka kaburini. Alijifunga kitenge cha marehemu, akameza midomo ili aonekane kibogoyo, akazunguka anawakagua waombolezaji masikio. Binti zangu walicheka. Watoto wote wa Jumamosi walicheka. Kisha akamwambia kaka amshushe yeye kaburini. Kaka alimbeba, akamlaza chini taratibu, akapanda.

Mama akaanza. Alisema marehemu ni mvivu, ameukimbia msimu wa palizi, na kwamba yeye hatoki humo mpaka watoto wa mvivu huyu wamfukuze. Akanyamaza kusubiri jibu.

Jibu halikuja.

Nilidhani wanalia. Marehemu aliacha wana wawili watu wazima, mmoja fundi, mmoja dereva, na wajukuu tele waliokulia mjini. Walikuwa wanatazamana. Mama alirudia, polepole, kama alivyokuwa akiwarudia watoto uwani. Mjukuu mmoja akamnong'oneza mwenzake, mwenzake akapandisha mabega. Hatimaye mwana mkubwa akasogea, akainama juu ya kaburi kwa heshima zote.

"Samahani, mama," alisema. "Hatujaelewa. Unahitaji nini?"

Nililigeukia jeneza kwa hasira, nikitaka kumwuliza yule bibi alikuwa na haki gani ya kutudai mdomo wakati nyumba yake mwenyewe ni bubu. Hasira haikudumu. Niliona Jumamosi zote zile, mvua, jua, anapanda kilima kuja kutukanwa na watoto wa watu. Nyumbani kwake hakuwa na hata mmoja wa kumjibu. Nilimtazama kaka. Alikuwa ameshika jembe kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na nadhani yeye ndiye aliyeelewa kuliko sisi sote.

Mama alikaa kitako humo kaburini. Alizungumza Kiswahili, chake kile kile cha kununulia chumvi, mbele ya watu wote wale.

"Jumamosi leteni watoto. Na nyinyi mje. Mimi sifi mpaka nipate wa kunitukana."

Mwana wa marehemu alisema ndiyo, mama, tutakuja. Mama akatikisa kichwa, akajilaza tena, akamwambia aitike kwa Kingoni au amfukie yeye badala ya mama yake. Mtu mzima yule alisimama pale, anatazama huku na huku. Binti yangu mdogo alimsogelea, akamvuta mkono ainame, akamwambia neno la Kingoni sikioni. Mwana wa marehemu akalisema kimakosa. Binti yangu akamwambia tena, naye akalirudia, safari hii kwa sauti, mbele ya jeneza la mama yake.