Ndoo Niliyoimwaga Dzamandzar

Nakiri mapema, kabla hamjasikia kwa wengine: nilisafiri mpaka kisiwa cha Nosy Be kukagua karakana ya dawa isiyomwaga uchafu, na siku ile mtu pekee aliyemwaga ni mimi.

Sikutaka kwenda. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kaunta ya duka langu la dawa hapa Mahajanga. Lakini chama chetu cha wauza dawa kiliamua kumpa cheti mtengenezaji anayetunza mazingira, na maduka yetu yote yauze dawa yake. Mkutano ule sikuhudhuria, basi nikachaguliwa. Nikapangwa pamoja na mwenzangu Abdou, mtu anayekagua hata wali wa harusi.

Tulipofika Antsohihy nilikuwa nimeshaukumbuka mto wangu wa kulalia. Ambanja nikamkumbuka hata jogoo wa jirani, adui yangu. Kutoka Ankify boti ilituvusha hadi Hell-Ville, bandari ya kisiwa; Abdou alikula sambusa, mimi nikatapika.

Asubuhi tukaenda Dzamandzar. Nyuma ya kiwanda cha sukari kilichofungwa, Bi Mariama, mkemia mwenye karakana, alitupokea: "Karibo!", ndiyo karibuni ya huko. Mengine pia alisema kwa Kimalagasi, nami nayatafsiri. Anatengeneza dawa ya kupaka vidonda kwa majani ya talapetraka, mmea mdogo unaotambaa penye unyevu. Zamani aliyaloweka katika kemikali kali. Masalia yakaingia mtaroni, visima vikanuka. Sasa anatumia spiriti ya miwa. Ikishanyonya dawa ya majani huchemshwa, mvuke hupozwa, na spiriti ile ile hurudi kazini.

"Spiriti ni ghali, inataka wateja wengi," alisema. "Nikikikosa cheti, narudia kemikali ya zamani."

Wakaingia ndani kutazama mitungi. Mimi nikabaki mlangoni na ndoo ya maji ya rangi ya chai, yananuka. Mama yangu alitulea tukijua kwamba maji machafu hayalali mlangoni. Nikasaidia: pwaa, mtaroni.

Abdou akatoka, pua juu. "Bi Mariama, mtaro unanuka spiriti! Sisi tumemaliza, cheti hakuna."

Mama wa watu akaitazama ndoo tupu. Ningeweza kunyamaza; ndicho kipaji changu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani uchafu."

"Uchafu?" Bi Mariama akashika kiuno. "Kaka, hiyo ilikuwa spiriti ya kesho, inangoja kuchemshwa!"

Abdou hakuniamini mpaka aliponusa mikono yangu. Hata hivyo akaufuata mtaro hadi mwisho, jambo ambalo hatukuwa tumelipanga. Huko chini, ambako spiriti yangu haikuwa imefika, nyasi zilikuwa mbichi na vyura wanaogelea. Akarudi na tope magotini, akatia saini cheti.

Njia nzima ya kurudi niliwaza. Nimeuza dawa miaka mingi nikitazama chupa tu, sijawahi kuuliza maji yake yalikwenda wapi. Na nilichokiita uchafu kilikuwa kazi ambayo haijaisha.

Nyumbani nikamsimulia jirani, Mama Saidi, mwenye yule jogoo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Ungebaki nyumbani, cheti cha mazingira ungekistahili wewe."