Mzee wa Kutema

Kwanza ulisikia msonyo. Mrefu, mkavu, wa ulimi uliobanwa na meno. Ndipo Shangazi alipotokea mlangoni, kama mtu anayemfuata mbwa wake.

Alisonya mvua ikinyesha, akasonya ikiacha. Alisonya chai iliyopoa, habari za redioni, suruali ya mchumba wa mtu. Kwenye maabara ya hospitali, alikofanya kazi tangu mimi sijazaliwa, wenzake walisema yeye hana haja ya kubisha hodi.

Kazi yake ilikuwa kuotesha bakteria. Alipokea mikojo, usaha na makohozi ya watu, akapaka tone kwenye sahani yenye chakula kilichoganda kama uji wa jana, akasubiri kuona kitakachoota. Kisha aliweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Dawa inayoua ilijifyekea uwanja mtupu pembeni mwake. Isiyoua ilizingirwa.

"Sahani haiongopi," alipenda kusema. "Mwenye mdomo ndiye anayeongopa."

Na mwenye mdomo aliyeongopa kuliko wote, kwa maoni yake, alikuwa mdogo wake wa pekee, yaani baba yangu.

Baba alikuwa na tezi dume iliyomziba njia ya mkojo. Akawekewa mpira wa mkojo wakati akisubiri zamu yake ya upasuaji. Zamu haikufika, ilifika homa. Shangazi akaotesha mkojo, sahani ikasema dawa ipo na inaua. Baba akapewa, homa ikashuka. Dozi ilipoisha, homa ikarudi. Akapimwa tena: kijidudu kilekile, na dawa ileile bado inakiua vizuri. Akapewa tena, ikarudi tena. Mpira haukuguswa, kwa sababu kuubadilisha kulimtoa damu, na nani alaumu mpira wakati mtu wa kulaumiwa yupo?

"Hamezi," Shangazi akatoa hukumu, akiwa amesimama katikati ya sebule yetu na mkoba wake begani.

"Wifi, anameza," mama alisema. "Nampa mwenyewe. Nasimama palepale mpaka anywe maji."

"Uliona mkono ukienda mdomoni. Koo uliliona?"

"Sasa koo ningelionaje?"

"Basi usiape."

Baba akainua kichwa kitini. "Dada, nipanue kinywa uchungulie?"

"Kipanue siku utakayokuwa tayari kusema kweli."

Shtaka hilo hakuwa amelitoa hewani. Walipokuwa wadogo baba aliumwa sana, na Shangazi, mtoto mkubwa, aliachiwa kazi ya kumnywesha vidonge vichungu. Vidonge vilipatikana baadaye vimepangwa kwenye ufa wa ukuta, nyuma ya kitanda, vyeupe na vikavu. Aliyechapwa ni Shangazi. Ufa ule ulishazibwa na nyumba yenyewe ikauzwa, lakini yeye alihama nao. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alisema, kana kwamba methali nayo ni kipimo cha maabara.

Ndipo akambatiza baba jina: Mzee wa Kutema. Alimwita hivyo mbele ya majirani waliokuja kutoa pole, na mbele yetu sisi wanawe. Akalipeleka hadi kazini, maana ulimi hauna mfupa, na wa kwake haukuwa hata na mlango.

Siku hizo maabara ilikuwa imempokea mtaalamu mpya. Walimwita Mgeni, na nadhani ataitwa hivyo hadi astaafu. Alikuwa ametoka masomoni, na hakukuwa na sentensi yake isiyoanza na "kule kozini". Baba alipolazwa mara hii, akitetemeka hadi kitanda kikawa kinalia, Mgeni akaanza.

"Kule kozini, dada, tulifundishwa kwamba kijidudu hakilazimiki kuishinda dawa. Kinaweza kujificha tu. Vijidudu vinanata kwenye plastiki, vinajitengenezea utando wa utelezi, vinalala chini yake. Dawa inaua vinavyoelea kwenye mkojo. Vilivyolala vinasubiri dozi iishe, vinaamka. Hujawahi kuosha pipa la maji ukakuta utelezi?"

"Mapipa yangu hayana utelezi."

"Jungu kuu halikosi ukoko, dada, na mpira wa siku nyingi haukosi utando. Na ukiachwa, ipo siku vitahamia kwenye damu. Mtu wa umri ule, vikifika kwenye damu..."

"Kule kozini hawakuwafundisha kunyamaza?"

Kipimo chenyewe cha utando kilikuwa chepesi hadi kikamkera Shangazi. Unaotesha vijidudu kwenye vichupa vyembamba vya kioo hadi kesho yake. Unamwaga mchuzi vilimoota, unasuuza taratibu, unatia rangi ya zambarau, unasuuza tena taratibu. Vikiwa ni vya kujenga utando, ukuta wa kioo hubaki zambarau mpaka kitakoni. Visipokuwa, kioo hurudi kuwa kioo.

"Kupaka vioo rangi," Shangazi alisema. "Hayo mimi niliyaacha chekechea."

Lakini Mgeni alikuwa ameshaotesha vijidudu vya baba kwenye vichupa vitatu, na asubuhi ya kusoma majibu zamu ya meza ile ilikuwa ya Shangazi. Alitia rangi vyote. Akachukua cha kwanza, akafungua bomba hadi mwisho, akakisuuza kama sufuria ya jirani asiyemrudishia vyombo. Vikatoka vipande vyembamba vya zambarau, laini kama maganda ya kitunguu, vikazunguka kwenye tundu la sinki, vikazama. Mgeni, aliyekuwa meza ya pili akijifanya anafuta hadubini, anaapa kwamba Shangazi aliviona. Alilitazama lile tundu kwa muda mrefu kuliko tundu linavyostahili kutazamwa.

Kisha akakiinua kichupa kwenye mwanga. Cheupe.

"Haya, njoo uone utando wako."

"Dada, umesuuza na nini?"

"Na maji. Ulitaka nisuuze na machozi?"

Simu ya ukutani ikalia, Shangazi akaipokea. Ilitoka wodini, kwa muuguzi mmoja mwenye sauti ya kusikika hadi meza ya pili.

"Mama, jibu la yule Mzee wa Kutema bado? Tunataka tumruhusu mchana huu na dozi yake ileile. Kitanda tumpe mtu anayemeza!"

Nyuma ya sauti hiyo watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya; walicheka kama watu wanavyocheka kazini, wakiendelea kukunja mashuka.

"Nani kakwambia anaitwa hivyo?" Shangazi akauliza.

"Si wewe, mama?"

Akaning'iniza simu mahali pake. Mgeni akasubiri msonyo. Haukuja.

Akachukua kichupa cha pili. Safari hii hakufungua bomba. Alichota maji kwenye kikombe, akakiinamisha kichupa, maji yakateremka pembeni uzi mmoja mwembamba, na mkono wake wa pili ukiwa chini ya kitako, kama anayemnywesha mtoto aliyezidiwa. Akarudia. Akakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa zambarau kutoka shingoni hadi chini, zito, bila upenyo. Cha tatu nacho vilevile.

Mgeni alifungua mdomo aseme jambo la kozini. Alitazamwa, akaufunga.

Shangazi alipanda wodini na koti lake la maabara, kichupa mkononi, vidole vimechafuka rangi. Daktari alikigeuza kichupa dirishani, akauliza maswali mawili, Shangazi akajibu bila kumcheka kwa lolote. Baba hakuruhusiwa kwenda nyumbani. Mpira ukatolewa, akawekewa mpya. Mama aliyekuwa karibu anasema ule wa zamani ndani ulikuwa umefunikwa na kitu kama kamasi za konokono.

Jioni nilikuwepo. Baba alilala chali, midomo imepasuka kwa homa, macho yamefumba. Alizijua hatua za dada yake.

"Umekuja kunikagua koo?"

Mama akakaza mgongo, tayari kwa vita. Shangazi akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa kuwa vitanda vya wodi alivijua kwa majina ya vilivyoota humo. Akaweka ule mkono wenye rangi juu ya blanketi, karibu na wa baba. Midomo yake ikajikunja kama ilivyozoea kujikunja, na sisi sote tukajiandaa. Ikajikunjua. Akainama hadi sikioni kwake, na kama nisingekuwa nimesimama kichwani pa kitanda nisingesikia.

"Kumbe ulikuwa unazimeza," alisema.