Jinsi Nilivyoshuka Mnara

Kwenye daftari langu la siku ile niliandika: "Nikashuka haraka." Baadaye nililikata neno haraka, nikaliandika tena, nikalikata tena. Mimi siyo msomi, niliishia darasa la saba, ila najua neno moja linaweza kuwa uongo mzima. Kwa hiyo naandika upya, na nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata waliotupiga.

Kazi yangu ni kupanda minara ya simu. Naishi Shirimatunda, nimepanga chumba, na asubuhi pikapu inatuchukua mimi na mwenzangu kwenda popote penye mnara mbovu. Mwenzangu ni mtu wa Singida, tumekuwa pamoja miaka sita. Mimi napanda, yeye anabaki chini anashika kamba ya kupandishia vifaa. Ukiwa juu, mshika kamba ndiye mtu wako. Akizembea, umekwisha. Kwa miaka yote hiyo yeye hakuzembea hata mara moja.

Siku hiyo tulipelekwa kijiji kimoja juu ya Kwa Sadala, jina lake naliacha. Mnara umesimama katikati ya vihamba, migomba na kahawa pande zote. Wiki tatu kabla yetu walikuja wezi pale, wamevaa ovaroli na riflekta kama sisi, kofia ngumu kama sisi, na karatasi yenye mhuri. Mlinzi, mzee wa kijiji hichohicho, akawafungulia lango. Wakamvunja mkono na mbavu, wakamfunga kwa waya, wakabeba betri zote nzima. Mtandao ukakatika siku kadhaa. Hayo tuliambiwa ofisini. Ambalo hatukuambiwa ni kwamba katika siku hizo kuna binti alishikwa na uchungu pale kijijini. Mama yake alihangaika na simu isiyoshika, na hadi gari likapatikana mtoto alikuwa ameshafia tumboni.

Utaratibu ni kwamba mkifika kijijini mnapita kwanza kwa mtendaji, anasaini kibali chenu, anawajulisha watu. Tulikuta ofisi imefungwa. Mwenzangu alisema tumsubiri. Mimi nikatazama mlimani, mawingu yameanza kushuka, na huku ikifika saa sita ukiwa juu huoni hata mkono wako.

"Tuanze tu, kaka," nikasema. "Tutampitia tukimaliza."

"Haya, wewe Mangi ndiye mwenyeji," akajibu, akiniita kama wanavyoitwa Wachagga wote. "Ukifika juu nisalimie Mungu. Mwambie Singida mvua bado."

"Nitamwambia hamna hata migomba ya kunyeshea."

"Migomba! Mtu mzima analishwa ndizi kama kima halafu anajisifu."

Dereva akatuacha, akaenda Kwa Sadala kuziba pancha. Kibali kilikuwa mfukoni mwa ovaroli yangu. Nikapanda nacho.

Nilikuwa juu kama mita arobaini na tano, nakaza dishi. Mwenzangu, kwa vile kwa muda huo sikuhitaji kamba, alikuwa anatoa betri chakavu chache zilizobaki kibandani, azipange langoni. Ukipita njiani na kuona mtu wa ovaroli anabeba betri kutoka kwenye kile kibanda, sijui ungefikiri nini. Mimi mwenyewe ningefikiri walichofikiri.

Yowe la kwanza lilikuwa la mwanamke. Kwetu Uchaggani yowe likipigwa kila nyumba inatoa mtu, na usipotoka kesho utaulizwa ulikuwa wapi. Kutoka juu sikuona watu. Niliona migomba inatikisika, mistari mistari, kutoka kila upande, na mistari yote inakuja kwenye uzio wetu.

Wa kwanza kumpiga alikuwa mama mtu mzima, kwa mpini wa jembe, begani. Mwenzangu alikuwa amekumbatia betri, hakuweza kujikinga. Betri ikamwangukia mguuni. Mwanaume mmoja akampiga ubapa wa panga mgongoni. Mwingine hakutumia ubapa. Nilimwona mwenzangu anainua mkono wa kulia kufunika kichwa, panga likashukia kwenye ule mkono. Alikuwa anasema, "Sisi mafundi, sisi mafundi jamani," mara kadhaa, kisha sauti ikaendelea bila maneno.

Hapo sasa ndipo pa kuandika vizuri.

Mkanda wa mpanda mnara una kulabu mbili. Unaposhuka, unafungua moja, unaifunga kwenye chuma cha chini yake, ndipo unafungua ya pili. Muda wote moja iwe imeshika chuma. Ndiyo sheria. Kushuka hivyo kutoka pale nilipokuwa ni kama robo saa. Kushuka mikono mitupu, bila kulabu, ni dakika nne, tano. Na nimeshuka mikono mitupu mara nyingi msimamizi asipokuwepo, wenzangu wanajua. Kuna siku nilishuka hivyo kwa sababu mtori ulikuwa unapoa.

Siku ile nilitumia kulabu. Kila ngazi.

Nimejitetea sana kichwani. Nasema mikono ilikuwa inatetemeka, na kweli ilitetemeka. Nasema walinirushia mawe, na bila kulabu jiwe moja lingenidondosha. Hilo nalo ni kweli, jiwe lilinipiga goti na jingine likapasua kofia. Lakini mawe yalianza nilipokuwa nimefika nusu. Kwenye nusu ya juu hakuna aliyenirushia kitu, wengine hawakuwa hata wamejua niko huko. Na ni kwenye nusu ya juu ndiko nilikochelewa zaidi.

Waliponiona, wakaanza.

"Kuna mwingine juu!"

"Mwacheni, atashuka tu. Ataishi huko kama nyani?"

"Panda umshushe."

"Panda wewe, si mwanaume?"

Watu wakacheka. Nimeandika hivyo kwa sababu walicheka, na mwenzangu yuko chini ya miguu yao.

Nikapiga kelele kwa Kichagga kwamba sisi ni watu wa kampuni. Ni kosa langu la pili, baada ya lile la kutomsubiri mtendaji. Mimi wa Rombo, wao Machame, Kichagga chao na chetu ni kama binamu wasiosalimiana. Mtu mmoja akadaka palepale: "Mnamsikia? Anaongea cha Rombo! Ndio hao wanaovusha betri mpakani Holili!" Sijui kama betri zile zilivushwa Holili. Naye nadhani hakujua. Lakini baada ya hapo walimrudia mwenzangu upya, kana kwamba mimi ndiye niliyetoa amri. Wakampiga mateke ya mbavu. Yule wa panga akamkanyaga shingo.

Nikatoa kibali, nikakizungushia kwenye roli ya utepe wa umeme kiwe na uzito, nikakirusha. Kikaangukia katikati yao. Mtu akakifungua, akakisoma, simdanganyi msomaji, alikisoma chote. Kisha akasema, "Hata wale wa kwanza walikuwa na karatasi kama hii." Akakichana.

Nikafika kama mita nane kutoka chini. Hapo nikasimama. Nilifunga kulabu zote mbili kwenye chuma kimoja nikasimama, mahali jiwe linafika lakini panga halifiki. Nikamwona mtu amelaza bodaboda yake ubavu, anakinga petroli kwenye chupa ya soda. Mwingine anaviringisha tairi kuukuu kutoka kihambani. Mwenzangu alikuwa chali, jicho moja limefumba kwa uvimbe, jingine liko wazi linatazama juu. Nikajua kinachofuata, na nikajua kwamba nikishuka ni matairi mawili. Sikushuka.

Aliyemwokoa hakuwa mimi. Alikuwa yule mzee mlinzi. Alitoka kwake na mkono kwenye bandeji, anatembea kwa kuegemea uzio kwa ajili ya mbavu zake. Alichelewa kwa sababu hakuweza kwenda mbio, siyo kwa sababu nyingine. Chupa ilikuwa imeshafika. Akasema wampishe. Akainama kwa shida, akaupangusa uso wa mwenzangu kwa kiganja, akautazama, kisha akanitazama mimi juu.

"Siyo hawa," akasema kwa Kiswahili.

"Mzee, una uhakika?"

"Walionivunja siwezi kuwasahau. Siyo hawa."

Pigo moja lilikuja baada ya hapo. Rungu, kwenye paja. Aliyepiga alikuwa ameshainua mkono, na nafikiri hakujua jinsi ya kuushusha bila kupiga. Wakaacha, nami ndipo nikafungua kulabu nikashuka. Yule mama wa mpini wa jembe ndiye aliyefungua kanga yake na kumfunga mwenzangu kichwa. Walinisaidia kumbeba walewale. Mmoja alikuwa analia. Dereva aliporudi na pikapu, hakukuwa na haja ya kumwomba mtu ashike miguu wala kichwa, walikuwa wameshapanga mstari.

Alilazwa hospitali ya Moshi wiki tano. Mbavu zilishika. Jicho lilipona. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji mpaka leo, na mshika kamba bila vidole hivyo hana kazi.

Wiki ya nne wakaja kutoka kijijini, wazee wawili na yule mama, wamebeba jani la sale. Mwenzangu akanigeukia.

"Hili la nini?"

"Ni msamaha," nikamwambia. "Kwetu mtu akikuletea sale huwezi kukataa."

"Nani kasema siwezi? Mimi Mchagga?"

Wazee wakainamisha vichwa. Yule mama alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu. Hapo ndipo mmoja wa wazee alipotuambia habari ya binti wa yule mama na mtoto aliyefia tumboni. Mwenzangu akanyoosha mkono wa kushoto, akalipokea jani, akaliweka kifuani.

"Inuka, mama," akasema. "Pole na wewe."

Walipotoka akasema, "Na wewe, la kwako liko wapi?"

"La nini?"

"Mangi, nilikuwa chali. Nilikuwa nakuona. Niambie kwa mdomo wako. Ulishuka na kulabu au bila?"

"Na kulabu."

"Zote?"

"Kila ngazi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa sheria ya kazi, nimeandaa mawe, nimeandaa mikono kutetemeka. Nikasikia nasema, "Nilitaka wawe wamemaliza na wewe kabla sijafika." Sikujua nilikuwa nalo mpaka lilipotoka. Hata sasa sina uhakika kama ndiyo kweli yote. Labda nilijiongezea ubaya ili anihurumie. Lakini ndilo lililotoka.

"Sogea," akasema.

Nikasogea. Akanipiga ngumi ya kushoto mdomoni. Hakuwa na nguvu nyingi, ila mdomo ulipasukia kwenye jino. Akasema sogea tena, nikasogea, akanipiga tena, safari hii puani, na mpira wa dripu ukachomoka, damu ikamwagika kwenye shuka. Sikujikinga. Akapiga ya tatu, ikanikosa, ikagonga chuma cha kitanda, akatoa sauti.

Nesi akaja mbio. "Nyie! Nyie mna nini? Namwita mlinzi sasa hivi!"

"Mwache, dada," mwenzangu akasema, anahema. "Huyu ndugu yangu. Tunaongea."

"Maongezi gani ya damu?"

Akanipa pamba ya mdomo, akamrudishia dripu. Akaniamuru nitoke. Mwenzangu akasema nisitoke.