Vidole vya Mama Visivyosomeka

Mashine ya kusajili laini za simu haisomi kidole cha msukule. Hilo nilielezwa na bodaboda mmoja wa mtaa wa Gungu, nikaliamini kwa mwili mzima, na wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shule ya jioni, natafuta cheti cha kidato cha nne. Alifafanua kuliko mwalimu yeyote. Mtu akichukuliwa na wachawi, hufichwa milimani huko Kalinzi akalima kahawa ya watu. Nyumbani kinaachwa kipande cha mgomba kimevikwa sura yake. Kinatembea, kinapika, kinacheka. Alama za vidole tu ndizo zinazomshinda mchawi kuiga.

Wiki hiyohiyo nikampeleka mama kusajili laini. Wakala akamfuta kidole, akakibonyeza kiooni. Mashine ikakataa. Akajaribu vyote.

"Mama, vidole vyako havina kitu."

"Vina kazi, baba," mama akamjibu, akacheka.

Mimi sikucheka. Nikautazama mkono wake: ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa kama ganda la ndani la mgomba. Naapa ziwa zima la Tanganyika lilinyamaza.

Tangu siku hiyo nikawa naishi na mgeni mwenye sauti ya mama. Ugali wake na samaki wake wa migebuka nilimpa paka, akanenepa kama mbuzi. Nikamwona mama akichota pumba, chakula cha misukule. Kwamba tunafuga kuku, nilisahau kabisa. Lakini kilichoninyima raha ni yule mwingine, mama yangu wa kweli, ameinama shambani kwa watu na hakuna anayemtafuta.

Jumapili nikapanda Kalinzi. Nilipita mashamba ya kahawa nikichungulia kila mwanamke aliyeinama. Mmoja akainua uso. Mabega ya mama, shingo ya mama. Alinitazama, kisha akarudi kwenye mibuni yake. Nikashuka mlima mbio.

Mama alikuwa mlangoni. Hata shikamoo ilinitoka kwa shida.

"Mkono wangu hushiki, chakula changu huli," alisema. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

Kesho yake jioni, shuleni, nikamweleza kila kitu mwalimu wa baiolojia. Hakucheka.

"Mama yako anafanya kazi gani?"

"Anaanika dagaa ufukweni Bangwe. Anawageuza mchangani kwa mikono mitupu, tangu sijazaliwa."

"Basi sikiliza. Ngozi ina matabaka. Juu kabisa ni seli zilizokufa. Zinapukutika kila siku, na nyingine zinapanda kutoka chini. Mchanga unazila kabla hazijajazana. Mchoro wenyewe wa kidole umeshikwa chini zaidi, kwenye tabaka lenye damu na neva, na huko mama yako hana tatizo. Akipumzika kuanika dagaa wiki kadhaa, akapaka mafuta, alama zitaonekana tena. Ni mama yako. Nenda ukale chakula chake."