Dobi wa Karatu na kishikwambi kisicho na soko

Karatu. Saa moja kasoro robo asubuhi, Blandina Lohay anaweka kiganja juu ya mashine ya kufulia na kusubiri. Ukungu ulioteremka kutoka msitu wa Ngorongoro bado umelala juu ya shamba la mikahawa nyuma ya loji ya watalii, na kamba za kuanikia zinadondosha maji. Mashine inatetemeka, inapunguza mwendo, inatulia. Anaufungua mlango wake.

Wenzake husubiri mlio. Yeye husubiri mtetemo. Hajasikia mlio wowote tangu akiwa na miaka sita.

Shuka za leo ni arobaini na mbili. Wageni walirudi kutoka kreta jana jioni na vumbi jekundu likarudi nao, likaingia kwenye taulo, kwenye foronya, hadi kwenye mapazia. Blandina anazilowesha kwanza katika maji baridi, anazikanda kwa ngumi, kisha anazipanga kwenye mashine.

"Vumbi la huku ukilikimbilia na maji ya moto, umefunga nalo ndoa," anaandika kwenye kauntabuku lake, kisha anaangalia kama msomaji amecheka.

Mahojiano yote naye yalifanyika hivyo. Swali likaandikwa, jibu likaandikwa, na katikati yake kukawa na pasi ya kugeuza na kamba ya kukaza.

Blandina ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Kansay, katika familia ya wakulima wa mahindi na mbaazi. Homa ya uti wa mgongo ilimlaza wiki tatu. Aliponyanyuka kitandani aliona mdomo wa mama yake ukicheza bila sauti, akadhani mama anamtania.

Kiiraqw alichokuwa akikizungumza kilimtoka kidogo kidogo. Alipofika miaka kumi, akapelekwa shule ya bweni ya watoto viziwi, mbali na nyumbani, na huko ndiko alikopata lugha yake ya pili, ya mikono. Mwalimu alimkalisha dawati moja na msichana wa Kimasai kutoka Oloipiri, Naeku Ngoitiko.

"Siku ya kwanza alinifundisha alama ya ng'ombe," anaandika. "Siku ya pili akanifundisha kumsema mwalimu vibaya."

Urafiki huo haukuvunjika. Wote wawili waliajiriwa katika loji hii mwaka mmoja, Blandina kufua, Naeku kupiga pasi, na kwa miaka kumi na moja walizungumza kutwa nzima ng'ambo hii na ng'ambo ile ya kamba, vibanio vya nguo vikiwa mdomoni.

Mwaka juzi mwezi wa Januari, Naeku aliolewa na Patrisi, seremala kiziwi wa Singida. Blandina alimsindikiza mpaka kituo cha basi. Alipogeuka kurudi kazini, hakukuwa na mtu mwingine Karatu yote, miongoni mwa anaowafahamu, aliyejua lugha yake.

Wafanyakazi wenzake si watu wabaya. Humwekea chakula, humwonyesha kwa kidole, humpigapiga begani akiitwa na meneja. Lakini mezani, wakati wa chakula cha mchana, huzungumza wote kwa pamoja na kucheka.

"Kicheko hunifikia kikiwa kimeshakwisha," anaandika Blandina. "Nikiinua macho, wameshaanza kunywa maji."

Simu alikuwa nayo, kitochi cha kutuma meseji. Naeku naye aliandika mara kwa mara. Lakini Kiswahili cha kuandika, kwa wote wawili, ni lugha ya darasani.

"Meseji ni ya kuambiana mama anaumwa, mahindi yameiva," anaeleza. "Naeku akinichekesha hunichekesha kwa nyusi. Nyusi huwezi kuzituma kwa meseji."

Ndipo alipoanza kuwaza kishikwambi. Alikiona mara ya kwanza mikononi mwa karani wa sensa aliyekuja kumhesabu, kioo kipana kama sahani. Patrisi ana simu janja. Kama naye angepata kioo kipana, chenye kusimama mezani chenyewe ili mikono yote miwili ibaki huru, basi wangeonana.

Mshahara wake ni shilingi laki mbili na thelathini kwa mwezi. Elfu themanini huenda Kansay kwa mama yake, Selina. Alijibana miezi minane, na Novemba iliyopita akasimama mbele ya duka moja la vifaa vya umeme mjini, ambako karatasi nyekundu ilikuwa imebandikwa kwenye kioo: PUNGUZO. Kishikwambi cha laki nne na themanini kilikuwa kinauzwa laki moja na sitini na tano.

Aliandika maswali yake kwenye kauntabuku. Kina kamera ya mbele? Kinaingia mtandao? Muuzaji akaandika chini yake: kina, kinaingia. Kilikuwa kipya, ndani ya boksi, na karatasi yake ya plastiki haijabanduliwa.

"Hakuna alichosema cha uongo," anaandika Blandina. "Ila hakusema vyote."

Yeye na Naeku walipanga kuonana Jumamosi, saa kumi jioni. Meneja alimruhusu kutumia mtandao wa wageni. Blandina alivaa blauzi ya bluu anayoendea kanisani, akaegemeza kishikwambi kwenye ndoo ya sabuni, akafungua sehemu ya kupakua programu ili aweke ile ya kupigiana simu za video.

Ukurasa ulifunguka mweupe, wenye mstari mmoja wa Kiingereza katikati. Hakuuelewa. Akadhani ni mtandao. Akazima, akawasha. Akahamia karibu na mapokezi, akatoka nje, akapanda ngazi za tangi la maji na kukiinua juu.

Meseji za Naeku za jioni ile, alizokuja kuziona baadaye, hajazifuta. Ya saa kumi na dakika tano inasema: "Nipo." Ya saa kumi na nusu: "Nakusubiri." Ya saa kumi na moja: "Uko wapi?" Ya mwisho iliingia karibu saa kumi na mbili: "Patrisi anahitaji simu yake."

Jumatatu alikipeleka kwa Fabian, fundi simu mwenye kibanda karibu na soko. Fabian anakumbuka alivyofika na boksi lake, waya wake na risiti, vyote vimefungwa ndani ya kanga.

"Nilikiwasha nikaona tu jina la mfumo wake, Orvana, nikajua," anasimulia. "Nilimwambia, 'Dada, chombo ni kizima. Kilichokufa ni soko lake.' Halafu nikakumbuka hasikii. Ikabidi niandike. Na mwandiko wangu ule!"

Kila kishikwambi, anaeleza Fabian, huendeshwa na mfumo, na programu hutengenezwa kwa kufuata mfumo huo. Watengenezaji wa Orvana waliingia sokoni wakiwa wamechelewa, wakati watu wameshazoea mifumo mingine.

"Mwenye programu anauliza, je, wanaotumia Orvana ni wangapi? Wachache. Basi hajisumbui. Mnunuzi naye anauliza, kina programu gani? Hamna. Basi hanunui. Kila mmoja yuko ukingoni anamngoja mwenzake avuke kwanza. Mwisho kampuni ikachoka, ikalifunga soko lake la programu, na maduka yakaanza kuvitoa kwa bei ya kutupa."

Alijaribu kuweka mfumo mwingine. Siku mbili alihangaika. Chombo kilikuwa kimefungwa na waliokitengeneza, hakikubali.

Blandina alimwandikia swali moja tu: soko lake litafufuka?

"Nilitaka nimwambie ndiyo," anasema Fabian. "Alikuwa ananiangalia mdomoni, yule dada. Nikaandika, 'Sidhani.' Watu wakishahama, kampuni hairudi kwa ajili ya mtu mmoja wa Karatu."

Alipokwenda kukirudisha dukani, walimwonyesha risiti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba bidhaa ya punguzo hairudishwi.

Wiki hiyohiyo mteja mmoja kutoka Mto wa Mbu alikiona kibandani, akakigeuza huku na huku, akatoa laki moja taslimu. Fabian akaona mlango wa kutokea. Blandina akachukua kauntabuku, akaandika kwa herufi kubwa na kumgeuzia yule bwana: HAKIPIGI SIMU. HAKIWEKI PROGRAMU. SOKO LAKE LIMEKUFA.

"Nilikuwa namkanyaga mguu chini ya meza," anasema Fabian, akicheka kwa aibu. "Yule bwana akarudisha pesa mfukoni, akaenda zake. Nikamuuliza dada, kwa nini? Akaandika: 'Labda na yeye kuna mtu anamsubiri.'"

Kishikwambi kikakaa chini ya nguo zake mwezi mzima. Meseji za Naeku alizijibu kwa maneno mawili matatu. Kazini aliacha kwenda mezani. Akawa anakula ugali wake chumba cha kufulia, mgongo ukiegemea mashine, kwa sababu angalau ile hutetemeka.

Krismasi alikwenda Kansay, akakibeba ili kisiibiwe chumbani. Mama Selina, mwenye miaka sabini na moja, alikitoa kwenye mfuko na kuuliza kwa ishara za nyumbani, zile walizojitungia wawili tangu ile homa: kinafanya nini hiki?

Blandina aliona haya kujibu kwamba hakifanyi kitu. Akawasha kamera, akamchukua mama akipepeta maharage, kisha akamgeuzia kioo.

"Niliziba mdomo," anasimulia Selina kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kiiraqw. "Nikasema, kumbe nimezeeka hivi! Nikaangalia tena. Nikamwonyesha kidole, rudia."

Walirudia mara nne. Na ni hapo, mama akiendelea kujicheka, ndipo Blandina alipoona kwamba picha ile ilikuwa inatoka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu aliyopewa pamoja na chombo. Hakukuwa na mtandao wala programu ya kupakua. Kulikuwa na kadi tu, ndogo kama ukucha.

Alirudi Karatu siku ya pili ya mwaka, akaenda moja kwa moja kwa Fabian, akachomoa kadi na kumwekea mezani. Fabian akaichomeka kwenye simu yake mwenyewe. Mama Selina akatokea, anapepeta maharage.

"Nikaicheza tena tangu mwanzo," anasema Fabian. "Kitu kidogo vile, na mimi fundi sikukifikiria. Kishikwambi nilishakiandikia cheti cha kifo."

Barua ya kwanza ya video kwa Naeku ilikuwa ya dakika ishirini na sita. Aliichukua nyuma ya kamba za kuanikia, kishikwambi kikiwa juu ya ndoo, shuka zikipepea nyuma yake. Kadi akaibana katikati ya vipande viwili vya boksi, akaitia kwenye bahasha na kuipeleka stendi. Basi moja liliichukua hadi Arusha, jingine likaifikisha Singida. Gharama ilikuwa elfu nane.

Jibu lilirudi baada ya siku kumi na mbili. Naeku alikuwa amejirekodi dakika arobaini kwa simu ya Patrisi. Blandina aliliangalia wakati wa chakula cha mchana, mlango umefungwa.

"Tulisikia mtu anacheka peke yake kule kufulia," anakumbuka Emmanueli, mhudumu wa mezani. "Sauti yake hatukuwa tunaijua. Miaka yote hiyo, kumbe hatujawahi kumsikia akicheka hivyo. Mimi nilijua amepatwa na jambo, nikaenda mbio."

Tangu hapo bahasha imekwenda na kurudi mara tano, kila mmoja akifuta ya zamani ili kupata nafasi ya mpya. Kwa njia hiyo Blandina aliliona tumbo la Naeku kwa mara ya kwanza, akalishuhudia likikua kwa kurukaruka, wiki mbili mbili. Mtoto anatarajiwa mwezi wa Aprili.

Bahasha ya mwisho ilifika wiki iliyopita. Ndani yake Naeku hakuchekesha. Alisimulia kwamba kliniki muuguzi huongea akiwa amevaa barakoa, haandiki, na Patrisi haruhusiwi kuingia naye. Alisema anaogopa siku ya kujifungua. Alisema anaogopa kusukuma wakati anaambiwa asisukume.

Blandina alitazama tarehe kwenye kona ya picha. Safari hii bahasha ilichelewa njiani; maneno yale yalikuwa yamesemwa siku kumi na moja kabla.

"Siku kumi na moja aliogopa peke yake, mimi huku napanga taulo," anaandika. "Nilianza kumjibu palepale. Nikainua mikono, nikamwambia usiogope. Akaendelea tu kusema."

Kesho yake alimpelekea meneja barua ya kuomba likizo. Masika loji hufungwa kwa wiki kadhaa na wafanyakazi wengi huenda makwao. Blandina kwa kawaida hubaki kulinda na kufua mapazia, kwa malipo ya ziada. Mwaka huu ameomba asibaki. Ameruhusiwa kuondoka tarehe tatu Aprili.

Nauli ameshaiweka kando. Simu janja yenye mfumo unaoeleweka anasema atainunua baadaye, panapo majaliwa, na safari hii atamchukua Fabian aende naye dukani. Kishikwambi atakiacha kwa mama yake, ambaye ameshaagiza kupigwa picha akiwa na ndama wake mpya.

Kwa sasa anaandaa kadi za maneno zitakazoinuliwa na wauguzi, kwa herufi kubwa, kila kadi neno moja: SUKUMA. SUBIRI. PUMUA. MAUMIVU. MAJI. Atasimama upande wa kichwani, asome kadi, amwambie Naeku kwa mikono. Kama watamruhusu kuingia, hajui. Amemwomba Emmanueli amsaidie kuandika barua kwa mganga mkuu wa zahanati anakohudhuria Naeku, na barua imekwishatumwa.

Shuka za mwisho zinaingia kwenye kikapu. Jua limepanda, na ukungu umeondoka juu ya mikahawa. Anaulizwa, zaidi ya kazi hiyo ya kadi, ni nini hasa anachokitamani atakaposhuka kwenye basi Singida.

Blandina anaandika bila kuinua kichwa.

"Kwenye kioo Naeku huongea mpaka amalize. Nataka nikae mbele yake, aanze kunisimulia jambo, nimkatize."